Kicheko Katika Tendo la Mwisho: Uchambuzi wa Tanzia Moja Iliyochezwa Mombasa

Usiku wa onyesho la kwanza, katika ukumbi mdogo usio mbali na Ndia Kuu, mfalme wetu alikuwa amebakiza kama dakika tatu za kuishi. Alikuwa amepiga magoti mbele kabisa ya jukwaa, kanzu imemlowa jasho kwa joto la Kaskazi ambalo feni mbili za ukutani zilikuwa zikilizungusha tu bila kulipunguza, na mkononi ameshika kopo la mchanga ambalo mhusika wake aliondoka nalo Mvita miaka kadhaa kabla. Maandishi yalimtaka aumwage mchanga ule polepole, alie, kisha aite mara tatu, "Mvita yangu!" Aliumwaga, akalia kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, akaita mara ya kwanza na ya pili. Kabla ya mara ya tatu, kijana mmoja aliyeketi nyuma karibu na mlango alimjibu, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake msaada wa kweli: "Si urudi basi! Feri ipo!"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko cha kuzomea, wala hakuna aliyepiga mluzi au kurusha kitu. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wakitafuta pa kupumulia kwa muda mrefu na ghafla wakafunguliwa dirisha. Mimi nilikuwa msimamizi wa jukwaa, nimesimama nyuma ya pazia la kushoto nikiwa na daftari langu, na nakiri kwamba mimi pia nilicheka. Mwigizaji alimaliza onyesho lake kiume: aliita mara ya tatu, akalala, akafa. Lakini mtu hafi vizuri mbele ya watu wanaojipangusa machozi ya kicheko, na taa zilipozimwa makofi yaliyopigwa yalikuwa ya kumpa pole.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kikundi chenyewe hakikuwa cha wanagenzi. Mtunzi wetu kwa miaka mingi hajaandika kitu kingine isipokuwa tanzia, na huona aibu hata kuulizwa kama hana mchezo wa kuchekesha kwa ajili ya arusi ya fulani. Mwigizaji mkuu naye amebobea katika nafasi za huzuni kiasi kwamba vijana wa mtaani humtania wakisema akipita msibani, wenye msiba hunyamaza wamwachie yeye. Iweje basi watu wawili ambao ujuzi wao wote umo katika kuwaliza watu, waishie kuwachekesha, tena pale pale palipotengwa kwa kilio?

Kwanza mchezo wenyewe. Habari ya Yusuf bin Hassan ni mali ya mji huu, ingawa wengi wetu hupita mbele ya Ngome ya Yesu kila siku bila kumkumbuka. Baba yake, Sultani Hassan, alikosana na makapteni wa Kireno, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa huko huko Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo, na alipokuwa mtu mzima akarudishwa Mvita atawale chini ya wale wale waliomkosesha baba. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na katika siku zilizofuata wakauawa Wareno wa mjini pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Merikebu zilizotumwa kutoka Goa zilishindwa kumtoa, lakini mwaka 1632 yeye mwenyewe aliiacha Ngome, akaingia baharini, na hakurudi tena kuutawala mji wake mpaka alipofariki upande wa Bahari ya Shamu. Jina lililochongwa kwenye bamba la jiwe juu ya lango la Ngome si lake. Ni la kapteni wa Kireno aliyekabidhiwa Ngome hiyo mwaka 1635.

Sidhani kuna mji wa pwani ulio na kisa kilicho tayari kwa tanzia kuliko hiki. Ndiyo maana mtunzi alipokileta, hakuna aliyeuliza swali. Laiti tungeuliza, tungegundua kwamba tendo la tatu linakwisha Yusuf akiwa kaburini kwa baba yake usiku, akiapa, na tendo la nne linaanza akiwa tayari merikebuni, anaitazama Mvita ikididimia. Katikati ya hapo hapana kitu. Agosti ya mwaka 1631 haimo. Tulifanya mazoezi kwa wiki saba na pengo hilo tukaliruka kila siku kama watu wanavyoruka mtaro wanaoujua.

Usiku ule ule tulikaa barazani kwa muuza kahawa, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, tukagawana lawama. Mwelekezi alimlaumu kijana wa nyuma na kupendekeza mlango uwe unafungwa onyesho likianza. Mtunzi alivilaumu vichekesho vya televisheni, ambavyo kwa maoni yake vimewazoesha watu kucheka kila wanapoona mtu amevaa kanzu na kupaza sauti. Fundi wa taa alisema mwanga ulikuwa mkali mno. Hoja hizi sizipi nafasi kubwa, kwa sababu zote zinaangushwa na jambo moja lililokuwa limeandikwa daftarini mwangu kwa kalamu nyekundu: katika tendo la kwanza, hadhira ile ile, na kijana yule yule akiwa mle mle, walinyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukumbi ule.

Tendo hilo la kwanza lina onyesho fupi ambalo mtunzi, kwa maneno yake, aliliandika kwa haraka ili kufikia mambo makubwa. Askari wawili wanapita na kikapu cha makuti kilichofunikwa. Mtoto Yusuf, wa miaka kama saba, anacheza sakafuni na vifuu vya nazi. Anawaona wamechoka, anainuka, anawaomba wampe kikapu awasaidie kubeba, kwa sababu anadhani ndani mna tende. Askari mmoja anamtazama mwenzake. Mwenzake anasema, "Kizito hiki, bwana mdogo." Mtoto anasisitiza, anakishika mpini upande mmoja, na wanatoka wote watatu, mtoto akiburuta miguu kwa uzito, kikapu kikikwaruza sakafu. Hakuna anayelia, wala hakuna neno "kichwa" linalotamkwa. Nilisikia mama mmoja katika safu ya tatu akivuta pumzi na kuishikilia, na hakuiachia mpaka kikapu kilipopotea nyuma ya pazia.

Kwa hiyo hadhira ilikuwa na uwezo wote wa kuhuzunika, na iliuonyesha mapema. Kilichobadilika kati ya tendo la kwanza na la mwisho kilikuwa upande wetu.

Ufunguo wa kwanza ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Bibi mmoja wa jirani, aliyetuazima majamvi ya jukwaani, alikuja asubuhi yake kuyahesabu. Nilimwamkia, nikamsaidia kuyakunja, na alipokuwa akikagua jamvi moja lililochomoka ukingo nikamuuliza alionaje. Alisema bila kuinua macho: "Mwanangu, mimi nimezika watu wangu wanne. Sijaona mtu akilia vile akaachwa peke yake. Mwenye kulia hushikwa. Yule wenu hakuwa na wa kumshika, ndipo yule mtoto akamjibu yeye."

Nimeyafikiri maneno yale kwa muda mrefu kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya uigizaji. Matanga ya kwetu yana mgawanyo wake: wanaume wamekaa nje kwenye mabenchi na majamvi, wanazungumza kwa sauti ya chini, wengine wanapanga habari za kaburi na za gari, wanawake wako ndani, na anapoingia mgeni kilio huamka upya, lakini kila anayezidiwa ana mkono wa mtu mabegani na sauti ya mtu masikioni ikimwambia, "Subiri, mwenzangu, ni kazi ya Mungu." Kilio cha peke yake, tena cha mwanamume, tena kilichoelekezwa kwa watu waliokaa wakitazama, si kitu tunachokijua. Mtu wa pwani akikiona barabarani atafanya moja kati ya mawili: atakwenda kumshika anayelia, au atamwambia neno la kumrudisha. Kijana wa nyuma alifanya la pili. Alimjibu mtu ambaye jukwaa zima lilikuwa limekataa kumjibu, na alimjibu kwa lililo karibu naye, kwa kuwa yeye akivuka bahari huvuka Likoni.

Wayunani wa kale walilijua jambo hili na wakaliwekea watu maalumu. Tanzia za Sofokile zilikuwa na kwaya ya watu 15 waliokaa jukwaani karibu muda wote, wakimsikiliza anayeumia, wakimuuliza, wakimsihi, wakihofu kwa niaba ya watazamaji. Sisi huizoea kwaya ya kanisani na ya shuleni, tukadhani ile ya Wayunani ilikuwa ya kuimba tu. Kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ile ile ya wale wanaokaa kwenye majamvi ya matanga: kuhakikisha kwamba maumivu ya mtu mmoja yana pa kutua. Mtunzi wetu aliiondoa kwaya kwa sababu kikundi kina waigizaji tisa na fedha ni chache. Hilo linaeleweka, lakini basi asingemwachia mtu mmoja kilio cha watu 16.

Hata utenzi wetu wenyewe unafundisha hayo hayo. Fumo Liyongo, akiisha kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, halii wala haiiti nchi yake. Anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatega mshale, na anafia katika hali hiyo hiyo, na watu wa mji wanabaki na kiu kwa sababu hakuna anayethubutu kusogelea maji, wote wakidhani yu hai na ameghadhibika. Wanamwomba mama yake aende akamsihi. Huzuni yote iko kwa walio mbali na kisima, na kwa mama anayemsemeza maiti. Liyongo mwenyewe ana kazi moja tu, kushika uta.

Sasa nije kwa mwigizaji wetu, ambaye nampenda na ambaye ameniruhusu kuandika haya bila kumtaja. Mwaka huo alikuwa amemzika baba yake. Katika mazoezi, kila tulipofika kwenye kopo la mchanga, alikuwa akiuleta ule msiba wake wa kweli na kuumwaga pamoja na mchanga. Sisi tulimsifu. Baadhi yetu tulilia naye, maana tulimjua marehemu. Kuna mfano mashuhuri wa jambo kama hili: Polus, mwigizaji wa tanzia wa Ugiriki ya kale, ambaye mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anasimulia kwamba alipocheza nafasi ya Electra, binti anayekumbatia chombo chenye majivu ya ndugu yake, alikitoa kaburini chombo chenye majivu ya mwanawe mwenyewe na kukipandisha jukwaani. Mwelekezi wetu hupenda sana kuusimulia mfano huo, na aliusimulia siku ya pili ya mazoezi.

Ila husimulia nusu. Katika mchezo ule wa Sofokile majivu yanayokumbatiwa ni ya uongo; ndugu yuko hai, amesimama pale pale mbele ya dada yake, na watazamaji wanajua. Kwa hiyo Polus alikuwa na chombo cha kushika, alikuwa na mtu wa kumwelekea, na alikuwa na hadhira iliyojua asilolijua mhusika wake, kama vile hadhira yetu ilivyojua kilichomo kikapuni huku mtoto akidhani ni tende. Msiba wake wa kweli ulimiminwa ndani ya mtungi uliokwisha kufinyangwa na mtunzi. Mwigizaji wetu aliumimina wake sakafuni. Watu waliokuwa wakimtazama hawakumjua baba yake, na Yusuf aliyekuwa mbele yao hakuwa amefanya kitu cha kumliza mtu kiasi kile.

Hapo ndipo nilipofikia ninachoamini ndicho chanzo chenyewe, na chanzo hicho kiko katika maandishi. Mwigizaji alilia sana kwa sababu hakuandikiwa la kufanya, na mtunzi alimwandikia kulia kwa sababu alijua machozi ya mtu huyu hayakosekani. Ubobezi wa mmoja ulimpa mwenzake ruhusa ya uvivu. Pengo la Agosti 1631 lilijazwa maji ya macho.

Kwa nini pengo hilo liliachwa? Mtunzi hakusahau. Aliogopa, na woga wake siudharau. Tunaishi katika mji ambao Mwislamu na Mkristo wanapanga nyumba moja, wanakula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja, na hakuna anayetaka mchezo wa kuigiza uje ufukue maiti wa karne ya 17 uwapange kwenye mlango wa jirani. Akaona afadhali Yusuf awe mtu aliyeonewa tangu utoto hadi kufa, ambaye hakumwonea mtu. Nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba mtu wa namna hiyo anafaa kwa maombolezo na kwa kasida, lakini tanzia haimchukui. Aristotle alishasema kwamba anayefaa tanzia ni mtu asiye mwema kupindukia wala mwovu kupindukia, anayeanguka kwa kosa lake mwenyewe.

Na hapa niruhusiwe kando kidogo, kwa sababu kosa la mtunzi wetu lina nasaba ndefu yenye heshima. Matta bin Yunus alipokifasiri kitabu cha Aristotle juu ya ushairi kwa Kiarabu katika karne ya 10, alikutana na neno la tanzia na hakuwa na michezo ya kuigiza ya kulilinganisha nayo. Akaliita madih, yaani sifa, na ile ya kuchekesha akaiita hija, yaani dhihaka. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akaifuata njia hiyo katika sherehe yake, yaani ufafanuzi wake, ya kitabu hicho. Kila ninapokumbuka hayo huona kama namtazama mtunzi wetu mezani pake: amekaa kuandika tanzia, kalamu ikamwandikia sifa. Sisi ambao mashairi yetu yamelelewa karibu na Kiarabu tunapaswa kuijua hatari hiyo kuliko wengine.

Si kwamba Kiswahili hakina tanzia iliyothubutu. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, alimchukua shujaa wa vita vya Maji Maji na hakumwosha. Kinjeketile wake ndiye aliyewapa watu maji ambayo hayakuzuia risasi. Mwishoni Wajerumani wanamtaka atangaze kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, ingawa mashaka yamemwingia, kwa sababu neno lile limekwisha kuwa la watu kuliko lake. Huyo haliliwi kwa sababu ameonewa tu. Analiliwa kwa sababu mkono wake umo.

Na mkono wa Yusuf umo zaidi. Wale Waafrika waliouawa kwa kukataa kuiacha dini waliyobatizwa walikuwa, kwa namna fulani, yeye mwenyewe: watu wa pwani waliopewa majina ya Kireno. Yeye aliyenyang'anywa jina utotoni alikuja kuwatendea wengine jambo la sura ile ile, na kwa upanga. Mtu anayeadhibu kwa wengine lile alilotendewa yeye, na labda akalitambua likiwa limekwisha, ndiye mtu wa tanzia. Tulikuwa naye mikononi na tukampa kopo la mchanga.

Nilimwambia mtunzi haya tukiwa juu ya paa la nyumba anayopanga, jioni, nguo za watu zimeanikwa pande zote. Alikasirika. Alisema, "Unataka nimchafue mfalme wetu." Nikamwambia kwamba sitaki damu hata tone moja jukwaani. Wayunani wenyewe waliyaweka mauaji nyuma ya mlango na kumtuma mjumbe aje aeleze. Katika mchezo ambao S. S. Mushi aliufasiri kwa jina la Mfalme Edipode, hatumwoni mfalme akijitoboa macho, tunasimuliwa, kisha tunamwona akitoka. Na sisi tunao utenzi, uliozaliwa kwa ajili ya kusimulia vita kwa watu waliokaa. Hakunijibu siku ile. Baada ya wiki mbili alileta kurasa tisa.

Katika kurasa hizo mjumbe ni bawabu mzee, mtu asiye na cheo, aliyewekwa kwenye mlango usiku ule. Anaingia, anamkuta Yusuf ameketi kwenye jamvi, na anatoa habari kwa beti, kwa sauti isiyopanda:

Nilikaa mlangoni,
Nisiangalie ndani,
Sauti zi sikioni,
Hata leo hazijesha.

Bawabu hamlaumu mfalme, wala mtunzi hasemi nani alikuwa na haki. Anahesabu. Yusuf anamsikiliza bila neno mpaka bawabu anapotaja kwamba mlikuwamo mtoto. "Akiitwa nani?" mfalme anauliza. "Jerónimo, Maulana." Onyesho lote limebeba swali hilo moja na jibu lake.

Mazoezi ya sehemu hii yalikuwa magumu kwa sababu mwigizaji wetu, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua, hakuwa na ruhusa ya kulia. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alijizuia, na tukaona mtu anayejizuia, jambo ambalo nalo ni kilio kilichovaa koti. Mwelekezi, ambaye huwa simsifu mara nyingi, alifanya la busara: alimpa kipande cha kuchekesha, cha mchuuzi wa viazi karai anayedaiwa na wateja watatu kwa pamoja, na akamwamuru akicheze kila jioni kabla ya kugusa nafasi ya Yusuf. Mwigizaji aliona amevunjiwa heshima. Nikamkumbusha habari za Ira Aldridge, Mwafrika mzaliwa wa New York aliyepata jina Ulaya kwa tanzia, na ambaye mwaka 1833 alipanda jukwaa la Covent Garden mjini London kama Othello wa Shakespeare, wiki chache tu baada ya mwigizaji mashuhuri Edmund Kean kuanguka jukwaani hapo hapo akiwa katika nafasi hiyo hiyo. Aldridge mara nyingi alikuwa akimaliza Othello, anakwenda kubadili maleba, na usiku ule ule anarudi kuwachekesha watu kama mtumishi Mungo. Hakuona kwamba kicheko kinamwondolea kitu.

Alichokipata mwigizaji wetu kwa mchuuzi wa viazi ni hesabu ya kungoja. Mchekeshaji akisema neno lake nusu sekunde kabla ya wakati, hakuna anayecheka, na yeye hulijua hilo papo hapo. Mtu wa tanzia anaweza kukosea wakati kwa miaka mingi na watu wakamvumilia kwa adabu. Siku ya sita ya zoezi, bawabu alipotamka "Jerónimo, Maulana," mwigizaji hakufanya lolote kwa muda uliotutisha. Kisha akainama, akaona ukingo wa jamvi umejikunja, akaunyoosha kwa kiganja, taratibu, mara mbili, kama mtu anayetandikia mgeni. Hilo halikuandikwa popote. Jamvi lenyewe lilikuwa lile lililochomoka ukingo, la yule bibi.

Tulirudia onyesho wiki tano baadaye, ukumbi ule ule. Tendo la mwisho la Bahari ya Shamu tulilikata lote. Mchezo sasa unakwisha Yusuf akiamuru vitu vipakiwe chomboni, na bawabu akiuliza nani atabaki kufunga mlango. Hakuna aliyecheka pasipotakiwa. Lakini nisiandike kana kwamba kila mtu alitoka ameridhika. Baba mmoja alinisimamisha mlangoni akaniambia kwamba alilipa shilingi 200 kuona mtu akilia, kwa sababu alimsikia shemeji yake akimsifu mwigizaji, na mwigizaji huyo hakulia hata chozi moja. Nilishindwa kumjibu. Watu wawili walitoka wakati wa beti za bawabu. Mmoja wao, kwa ninavyomfahamu, ni Mkristo, na mwingine ni Mwislamu, na sikupata kujua kama walitoka kwa sababu ya habari yenyewe au kwa kuwahi gari la Kisauni. Mtunzi bado anashikilia kwamba kijana wa nyuma angefungiwa mlango tu, mchezo wa awali ungesimama. Tunabishana juu ya hilo kila tunapokutana, na sijamshinda.

Kijana mwenyewe alikuja tena, akaketi pale pale. Nilimwona akiinua shingo jamvi liliponyooshwa.

Mwigizaji wetu, naye, hajausahau mchanga wake. Anaamini lile lilikuwa onyesho lake bora, na kwamba siku moja atapata hadhira itakayolistahili. Kopo bado liko chini ya sanduku la vifaa, mfuniko umefungwa kwa utepe, na kila tukihama ukumbi hunipigia simu kuniuliza kama nimelipakia.